Barua ya wazi kwa Gavana wa Haut-Katanga: jengeni nyumba, udongo msiuuze

Mheshimiwa Gavana,

Nakuandikia kutoka komine (wilaya ya mji) ya Katuba, ambako mimi ni mpangaji. Siku hizi hapa Lubumbashi, kusini mwa Kongo, kwenye teksi-basi na hata nje ya kanisa baada ya misa, watu wanabishana juu ya maeneo ya serikali yasiyotumika tena: karakana zilizofungwa, maghala yaliyong'olewa mabati, nyua za ofisi zilizomezwa na majani. Wengine wanataka nyumba za bei nafuu, wengine shule. Vijana wa katiye (mtaa) yetu wanaomba tu waachiwe uwanja wao wa mpira, na hapo niko upande wao. Uwanja unaochezwa kila jioni hauwezi kuitwa ardhi ya ziada.

Kwa maeneo mengine, mimi naunga mkono nyumba. Anayeshindwa bei za mjini anasukumwa hadi komine Annexe, pembezoni mwa mji. Huko anachimba kisima mwenyewe, anangoja umeme usiofika, na kila asubuhi analipa nauli kurudi mjini kutafuta kazi. Kumbe nje ya ukuta wa karakana iliyokufa, bomba la maji la REGIDESO na waya wa umeme wa SNEL vimeshapita.

Tunaobaki mjini nasi tunajua tunavyobaki. Sheria ya 2015 inasema garanti, yaani dhamana anayoweka mpangaji, ya nyumba ya kuishi isizidi kodi ya miezi mitatu. Mwenye nyumba wangu alidai sita, kwa dola, bila risiti. Nilipomtajia sheria alicheka, akaniambia basi nikapange kwa hiyo sheria. Komisioneri, yaani dalali, naye akadai chake.

Serikali kujenga nyumba si jambo geni kwetu. Nyumba za komine ya Ruashi zilijengwa miaka ya 1950 na ofisi ya wakoloni iliyoitwa OCA. Hawakufanya kwa upendo: walitaka wafanyakazi wawe karibu na kazi lakini mbali na Wazungu. Hata hivyo watu wanaishi humo hadi leo, na wengi wameongeza vyumba vya uani.

Kinachotukosesha usingizi ni uuzaji. Sheria ya ardhi ya 1973 inasema udongo ni mali ya Taifa peke yake. Lakini sote tunajua mambo yanavyokwenda: eneo linatolewa kwenye matumizi ya umma kwa jina la maskini, ukuta unapanda haraka haraka, na ukiuliza unaonyeshwa sertifika (hati ya kumiliki) yenye jina la tajiri. Baadaye linatokea ghorofa la kupangisha kwa dola ambazo mwalimu hazipati. Sheria hiyo hiyo inaruhusu mkataba wa hadi miaka 25, unaoweza kurudiwa, huku ardhi ikibaki ya Taifa. Tumieni huo. Mjenzi apewe haki ya kujenga na kupangisha kwa bei iliyoandikwa kwenye mkataba, na akiivunja, eneo lirudi.

Kuna jambo moja ambalo wabishi wengi hawalitaji: sumu. Kwa miaka mingi upepo wa kusini-mashariki ulibeba moshi wa kiwanda cha shaba na kuumwaga upande wa kaskazini-magharibi. Nenda Penga Penga, upande huo, ukaone udongo mtupu, na majani machache yanayostahimili shaba. Watoto hucheza chini, hutia mikono mdomoni. Kitivo cha Kilimo cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi kimeuchunguza udongo huo. Kiombeni kipime kila eneo kabla ya tofali la kwanza. Mahali palipochafuka pasipewe maskini eti kwa sababu ni bei rahisi.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, kabla ya kusaini lolote, tunaomba orodha ya maeneo hayo ibandikwe kwenye komine zote saba: ukubwa wake, majibu ya vipimo vya udongo, na aina ya mkataba. Iandikwe kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, na wananchi wapewe mwezi mmoja wa kuleta pingamizi.

Kwa heshima,
Mpangaji wa Katuba