Salamu za Obon, na maji ya Bibi Keiko Ogura

Ndugu zangu wakalimani na wafasiri, pamoja nanyi nyote mnaoishi Japani mbali na makwenu, nawatumia salamu za heri katika siku hizi za Obon, ambapo katikati ya Agosti familia za Kijapani hurejea kwao, husafisha makaburi ya wazee wao na kuwasha taa za kuwapokea marehemu. Huko Hiroshima makaburi hupambwa kwa taa za karatasi za rangi juu ya vijiti vya mianzi. Waliofiwa karibuni huweka nyeupe, na mpita njia hujua bila kuuliza kwamba hapo pana msiba mpya.

Tarehe 6 Agosti mji huo huwa umekwisha kuwakumbuka waliouawa na bomu la atomiki mwaka 1945, na katika kumbukumbu hiyo hutolewa maji, kwa kuwa wengi walikufa wakiyaomba.

Maji hayo ndiyo yanayonikumbusha Bibi Keiko Ogura, mkalimani wa Hiroshima aliyenusurika bomu hilo. Alikuwa na umri wa miaka 8, na asubuhi ile hakwenda shule kwa sababu baba yake, aliyeingiwa na wasiwasi asioweza kuueleza, alimkataza. Nyumba yao ilikuwa kilomita 2.4 kutoka mahali bomu lilipolipukia. Majeruhi walipomwomba maji aliwapa, na wawili kati yao wakanywa, wakafa mbele ya macho yake. Baadaye alimsikia baba yake akionya kwamba walioungua wasinyweshwe maji, na mtoto yule akaamini kwamba yeye ndiye aliyewaua. Siri hiyo aliibeba miaka mingi. Kwetu Pwani anayekata roho hutiwa maji mdomoni, wala hakuna amlaumuye aliyeshika kikombe. Laiti angalikuwapo mtu wa kumwambia hivyo siku ile.

Aliingia katika ukalimani baada ya kufiwa na mumewe mwaka 1979, kwa kuhimizwa na mwandishi Robert Jungk, na mwaka 1984 akaanzisha kikundi cha wakalimani wa kujitolea wanaowaeleza wageni habari za Hiroshima kwa Kiingereza. Sisi wa kazi hii tunaujua uzito wake: mkalimani husema “mimi” kwa niaba ya mwingine, na anapotamka “niliungua”, sauti ni yake ilhali ngozi ni ya mwenzake. Bibi Ogura aliwasemea wenzake walionusurika, kisha akapata nguvu ya kusema “mimi” iliyo yake mwenyewe, pamoja na habari ya wale wawili. Na Mei 2023 viongozi wa G7, kundi la mataifa saba tajiri kiviwanda, waliokutana mjini humo walimsikiliza.

Nawatakia mapumziko mema na safari salama katika treni zilizojaa siku hizi. Jioni ya leo mimi nitaweka kikombe cha maji dirishani kwa ajili ya wawili wale, na kwa ajili ya mtoto aliyewanywesha.