Barua ya wazi kwa mdogo wangu aliyewarusha bata wa Momella

Mdogo wangu,

Mama mdogo ameniambia umefika Dar salama, nashukuru. Picha zako 17 za bata wa maziwa ya Momella, kule Hifadhi ya Taifa ya Arusha, nimezipata, na jana usiku nimezitazama moja moja hadi nikarudia. Katika zote, bata wanatupa mgongo. Tunaona mikia, miguu iliyokunjwa, maji yaliyovurugika nyuma yao. Jicho la bata hata moja halimo.

Nakuandikia hadharani, jina lako nimelificha, kwa sababu jambo hili si lako peke yako. Ulipopiga kafi juu ya maji ili waruke, ulifanya nilichowahi kuona watu wazima wakikifanya kwa mawe, kwa makofi, hata kwa honi ya gari. Wote wanataka picha ya mabawa yaliyofunguka. Naelewa, hata mimi naitaka. Lakini bata aliyeshtuka anakukimbia wewe, kwa hiyo utakachopata ni kisogo chake. Na hilo ndilo dogo.

Kubwa ni yule mdogo wa rangi ya kutu, kichwa cheusi, mdomo wa buluu, mkia umesimama kama ufagio. Uliniuliza ni bata gani, kabla sijakujibu ukawa umeshapiga kafi. Vitabu vya ndege vinamwita Maccoa, na yumo katika orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa asili, ya ndege walio hatarini kutoweka. Hakuruka na wenzake, alizama. Akiona hatari huzama, kuruka kwake ni kwa shida, maana lazima kwanza akimbie juu ya maji kwa umbali mrefu. Nimefunga safari nyingi kumtafuta huyo ndege. Siku ile alikuwa karibu nasi kuliko nilivyowahi kumwona, na aliibukia mbali kabisa, kwenye matete. Iliniuma, sikuficha, ndiyo maana nilinyamaza hadi tukafika ufukweni. Unisamehe kwa ule ukimya.

Kuna wakati bata hana hata pa kukimbilia. Manyoya makubwa ya mabawa humtoka yote kwa mkupuo mmoja, na kwa wiki tatu hadi nne hawezi kuruka. Ukimtisha siku hizo unampigisha mbio juu ya maji hadi achoke bure. Mwenye vifaranga naye, ukimkurupusha, watoto hutawanyika, na mwewe wa samaki yuko juu ya mti anaangalia. Na mwezi Februari, tulipokwenda, walikuwapo wageni kutoka Ulaya na Asia, kama yule mwenye mdomo mpana kama upawa. Hao wanajaza mafuta mwilini kwa safari ya kurudi kaskazini. Kila mruko wa hofu unawalia akiba hiyo.

Sasa mabawa. Nitakwambia nilichojifunza kwa kukaa tu, nikitazama. Bata akioga, mwangalie vizuri. Atachovya kichwa, atamwaga maji mgongoni, atachovya tena, mara nyingi kwa haraka, mabawa yakipiga maji pembeni. Halafu atatulia kidogo. Hapo usishushe kamera! Mara nyingi baada ya kutulia hivyo huinuka juu ya maji, kifua mbele, akayafungua mabawa yote na kuyakung'uta mara tatu, nne, matone yakiruka pande zote. Amekuelekea wewe, jicho linaonekana, na hakuna aliyemtisha. Weka spidi ya shata, yaani muda kamera inaofunguka, iwe 1/1600 ya sekunde au kasi zaidi, elekeza fokasi kwenye jicho, acha nafasi pande zote za fremu ili mabawa yasikatwe. Yule mweusi mwenye jicho jekundu alikuwa anaanza kuoga wakati ule ule. Sijui kama ulimwona.

Kuhusu kimo: ukipiga picha kutoka juu ya paa la gari, bata anakuwa doa juu ya shuka. Shuka chini. Mtumbwi wa Momella Ndogo ni zawadi kwa mpiga picha, maana tayari uko karibu na usawa wa maji. Kaa sakafuni, viwiko juu ya magoti, lenzi iwe chini kadiri uwezavyo bila kulowa. Hapo ng'ambo ya ziwa inafifia nyuma ya bata, na kivuli chake kinakaa chini yake kizima, bila kuvunjika. Mwombe kiongozi aache kupiga kafi mapema, mtumbwi uelee wenyewe. Bata wakianza kuinua shingo na kuogelea kwa kujitenga, mmeshawakaribia kupita kiasi: tulieni au rudini nyuma. Na mahali viboko walipo, ni neno la kiongozi tu, usibishane naye.

Jua liwe mgongoni kwako, na iwe asubuhi kabla upepo haujaamka. Weupe wa bawa la bata bukini wa Misri huungua upesi kwenye picha, shusha mwanga wa kamera kidogo. Mengine utayaona mwenyewe kwenye kioo cha kamera.

Rangi ya maji nayo uijali. Maziwa yale yamekaa kati ya vilima vya kifusi kilichoporomoka kutoka Mlima Meru maelfu ya miaka iliyopita, na kila moja lina chumvichumvi zake, ndiyo maana hili ni la kijani na lile linaelekea buluu. Bata yule yule akihamia ziwa la pili anakuwa picha nyingine. Nilitaka kukuonyesha hilo, tukaishiwa muda.

Njoo Julai ukifunga chuo. Beba sweta nzito, asubuhi za Momella mwezi huo zina ukungu na baridi inauma vidole. Nitakuazima lenzi yangu ndefu, na mfuko mdogo wa maharage wa kuilaza. Kafi tumwachie kiongozi. Tutaanzia kwenye yale matete alikoibukia Maccoa.

Msalimie mama mdogo.

Kaka yako, Arusha