Barua ya wazi kwa Waziri wa Sheria: wazoefu wetu wanaondoka

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Sheria na Mambo ya Katiba,
Kampala.

Mheshimiwa,

Nakuandikia kuhusu watu ambao serikali haiwalipi ilhali inawategemea kila siku: wasaidizi wa kisheria, ambao huku vituoni tunaitwa maparalegali. Waliokaa muda mrefu kwenye kazi hii wanaiacha mmoja baada ya mwingine. Dada aliyenifundisha kusoma hati ya mashtaka sasa ana kibanda cha kutuma pesa kwa simu mjini Mbarara. Mwingine anaendesha bodaboda. Mwingine yuko Dubai, analinda duka la watu. Hakuna aliyefukuzwa.

Wanaondoka na nini? Chukua kijana Mkongo wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale aliyekamatwa Ijumaa usiku, hajui Kiingereza wala Kinyankole. Msaidizi mgeni ataandika jina lake na kungoja Jumatatu. Mzoefu atamwendea OC, mkuu wa kituo cha polisi, kwa adabu, amuulize kosa ni lipi. Akijibiwa kwamba kijana ameshukiwa uzururaji, atakumbusha taratibu kuwa Mahakama ya Katiba ilivifuta vifungu hivyo Desemba 2022. Likiwa kosa jingine, ataomba kuona kwenye daftari kijana aliingizwa saa ngapi, maana Ibara ya 23 ya Katiba inataka afikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Akitoka nje atawaambia ndugu wasitoe hata shilingi moja, dhamana ya polisi haina malipo. Hayo yote bila kumfokea mtu, kwa sababu wiki ijayo atarudi kwa OC yuleyule na kesi nyingine. Semina ya siku tatu hotelini haimpi mtu ujuzi huo.

Na anafanya hayo kwa Kiswahili. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua lugha hii ifundishwe kwa lazima shuleni, tukafurahi kweli. Ila mshtakiwa wa leo hawezi kungoja watoto wa shule wakue, kwa hiyo anayemtafsiria mara nyingi ni sisi, na nauli ni ya mfukoni kwetu.

Wengine husema tunachoshwa na huruma, kwamba kesi za watoto walionajisiwa zinatuvunja. Ni kweli zinavunja, na mtu wa kutusikiliza sisi hayupo. Unarudi nyumbani na maneno ya mtoto kichwani, asubuhi unaamkia kesi ya shamba. Lakini wenzangu walioondoka sikuwasikia wakilalamikia hilo zaidi. Walichoka kuulizwa “Wewe ni nani?” Kila polisi akihamishwa, anayekuja anauliza upya. Unatoa kitambulisho cha mradi, naye anaona kwamba mradi wenyewe ulishakwisha. Mfuko wa wafadhili wa DGF (Democratic Governance Facility), uliokuwa ukibeba sehemu kubwa ya msaada wa kisheria nchini, ulisimamishwa na Rais mwaka 2021 na ukafungwa mwishoni mwa 2022. Mradi ukifa, uzoefu wako unahesabiwa umekufa nao. Mradi mpya unakupokea kama mtu wa kujitolea, posho ileile ya mwanzo. Ukitaka kupanda unaambiwa ukatafute diploma ya sheria, kwa ada yako, darasa moja na vijana uliowafundisha kazi.

Majirani zetu walilimaliza hili. Kenya iliwataja wasaidizi wa kisheria katika Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016, Tanzania ikafanya hivyo 2017. Kwetu muswada wa msaada wa kisheria umezungumzwa zaidi ya miaka kumi, na kila ukisogea karibu na Bunge, swali linakuwa fedha. Sawa, tuongee fedha. Magereza yetu yana watu zaidi ya 70,000, zaidi ya mara tatu ya nafasi iliyopo, na karibu nusu yao hawajahukumiwa. Serikali inawalisha ugali na maharage wote hao, wakiwemo wanaostahili dhamana ila hawajui kuiomba. Mtu anayejua kuiomba ni nafuu kuliko chakula hicho.

Naomba muswada urudi ukiwa na sehemu inayotutaja, pamoja na daftari la taifa lenye majina yetu, ili kitambulisho kiwe cha nchi, mradi uje au uende. Na kwa kuwa LDC, chuo kinachotoa diploma ya sheria, iko chini ya wizara yako, ombi langu la pili halihitaji kungoja Bunge: miaka ya mtu selo na mahakamani ihesabiwe anapoomba diploma, na ada ipunguzwe kwake. Ushauri nasaha kwa wanaoshughulikia kesi za watoto nauweka hapo pia, ingawa najua ndio utakaokatwa wa kwanza kwenye bajeti.

Jibu ningependa liwe na tarehe ndani yake: muswada utasomwa lini?

Wako mtiifu,
Msaidizi wa kisheria, Isingiro