Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Vijana Wetu na Mimea ya Aktiki

Ndugu wanachama, wazee wetu na vijana,

Habari za fedha ataeleza mweka hazina. Mimi nitazungumzia safari ya vijana wetu wawili waliofuatana na watafiti wa mimea Julai huko Svalbard, visiwa vya Norwei vilivyo Aktiki, eneo la baridi karibu na ncha ya kaskazini ya dunia, kwenye nyuzi 78 kaskazini. Walioteuliwa walikuwa watatu. Viza ya wa tatu ilitoka ndege imeshaondoka, na jambo hilo bado linaniuma.

Huko Julai jua halizami. Vijana walihesabu mimea saa nne usiku bila tochi, huku mwenzao mmoja ameshika bunduki akiangalia dubu weupe. Ardhi imeganda mwaka mzima. Kiangazi huyeyuka tabaka la juu tu, na mizizi haina njia ya kwenda chini. Binti yetu anasema siku ya kwanza aliuliza miti iko wapi, akaambiwa ameikanyaga. Mti wenyewe ni Salix polaris, wenye kimo cha sentimita chache. Shina lake limejificha ardhini, juu yanaonekana majani tu.

Aliposimulia hayo niliwaza kisiki hai chetu cha Chamwino, Dodoma, yaani njia ya kufufua miti kutoka kwenye visiki vyake. Sisi nasi tumelima miaka mingi juu ya miti tuliyodhani imekufa, kumbe mizizi iko hai, inangoja tuchague machipukizi, tupogolee, tuweke alama na kuyalinda.

Kubwa walilorudi nalo ni subira ya kupima. Tangu 1990 watafiti wa nchi mbalimbali wanatumia vizimba vidogo vilivyo wazi juu, vinavyoipa mimea joto la ziada la nyuzi 1 hadi 3, kisha wanarudi kwenye kipande kile kile mwaka baada ya mwaka. Wameona vichaka vikirefuka na laikeni (kuvu na mwani vinavyoishi pamoja juu ya mawe na ardhi) zikipungua. Ukienda mara moja tu, huoni kitu.

Ndiyo maana Novemba vijana walipigilia vigingi kwenye mashamba sita ya wanachama, wakahesabu visiki na machipukizi ya mikungugu, aina ya migunga. Mashamba mawili vigingi vimeshang'olewa. Nawaomba sana, anayechunga au kulima hapo aviache. Hesabu ya pili ni baada ya mvua, mwezi Mei, na kijana aliyekosa viza ndiye atakayeiongoza.

Mwenyekiti