Msituhesabie vitanda, tuambieni milango iko wapi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako, ukiona ndefu punguza tu ila hapo kwenye chandarua usiguse.

Mimi ni mama wa watoto watatu. Mkubwa ana miaka saba, wa kati minne, na huyu wa mwisho kipindi cha safari ninayotaka kuisema alikuwa na mwaka na miezi miwili, ndo ameanza kutembea, yani ule umri wa kugusa kila kitu na kutia mdomoni. Likizo ya Juni tukasema na baba watoto safari hii twende Unguja siku nne, na mama mkwe tukamchukua maana yeye Unguja anaionaga kwenye taarifa ya habari tu. Boti toka Dar ni kama masaa mawili, watoto wakatapika kidogo, hayo ni ya kawaida.

Hoteli siitaji, sijaandika kumharibia mtu biashara. Tulichoona mtandaoni ni "familia rumu, wakubwa wawili na watoto watatu", picha zinang'aa, taulo limekunjwa kama bata na maua yamemwagwa kitandani, tukalipa, na bibi tukamchukulia chumba chake. Sasa fika. Ni chumba kimoja kipana, katikati kitanda cha samadari kile cha kuchongwa, kimeenda juu hadi mimi mtu mzima napanda kwa kujivuta, halafu pembeni kuna ngazi ya mbao imesimama wima kama ya fundi paa, inaenda kwenye kijidari huko juu chenye magodoro mawili. Ndo chumba cha watoto hicho. Na kizuizi cha huko juu ni kamba. Kamba mhariri! Imepigwa mafundo mazuri ya kibaharia kabisa, mtoto wangu wa miaka minne anapita kati yake bila kuinama.

Nikamuuliza dada wa mapokezi, mdogo wangu, hapa mtoto analalaje? Akanijibu kwa adabu zote, "samahani mama, wageni wengi wanakipenda, watoto wao wanafurahi sana kupanda". Na wangu walifurahi, tatizo ndo hilo. Tukaziba ngazi kwa mabegi.

Usiku tukashusha godoro moja tukaliweka chini, hapo ndo nikagundua kitu ambacho sikuwahi kukifikiria maishani: chandarua kimefungwa juu ya samadari na kinaishia hapo hapo kwenye samadari. Godoro la ziada halina chandarua. Hoteli itakuongezea godoro, mto, shuka, hata taulo la bata la tatu, lakini pa kutundika chandarua cha pili hakuna, na feni iko juu ya kitanda kikubwa peke yake. Kwahiyo watoto wote watatu wakaja juu na mimi, baba yao akalala chini kajifunika khanga zangu mbili anapiga mbu makofi, na saa tisa usiku yule mdogo akajiviringisha akapita chini ya chandarua akadondoka. Samadari, mhariri, na chini sakafu ya saruji iliyosuguliwa. Alipata nundu tu, Mungu mkubwa, ila mimi sikulala tena, na bibi ambaye ndo anajua kubembeleza yuko jengo lingine, ng'ambo ya bwawa la kuogelea, simu kazima.

Na hata kabla ya kudondoka huko, nyie mliozaa mnajua, watoto wakilala saa mbili usiku na chumba ni kimoja basi na nyie mmelala saa mbili. Taa ukiwasha wanaamka, tivii ndo kabisa. Mimi na mume wangu fungate ya pili tuliifanyia chooni, tumekaa mmoja kwenye kifuniko mwingine kwenye ndoo iliyogeuzwa, tunakula karanga tunanong'ona. Tulicheka lakini tumelipa laki mbili na themanini kwa usiku.

Kesho yake nikaenda kulalamika, na wenyewe kwa kweli walikuwa wastaarabu, wakatuhamishia vyumba viwili vile wanaviita konektingi, yaani kuna mlango wa ndani kwa ndani wa kutoka hiki kwenda kile, na bibi akarudi kwetu akalala na wale wawili wakubwa. Tukaongeza hela, sio kidogo. Lakini usiku ule tulilala wote. Mlango wazi, taa upande wetu inawaka, wao giza, mtoto akikohoa unamsikia. Nikawa najiuliza, sasa kwanini hiki hawakukisema kwenye tangazo? Wameandika vitanda, wameandika idadi ya watu, wameandika "mandhari ya bahari". Mlango hawajauandika.

Ndo ninachotaka kuwaambia wenzangu wenye watoto wadogo na wenye mahoteli pia. Idadi ya vitanda haikwambii chochote, uliza milango. Uliza hivyo vyumba viwili vina mlango wa ndani au vimepakana tu, maana mapokezi wengi watakwambia "viko pamoja mama, msiwe na wasiwasi", ukifika ni vya jirani, inabidi utoke kordo usiku na funguo mkononi kwenda kumgeuza mtoto. Na ukipewa chumba kimoja chenye huo mlango wa kati na upande wa pili yupo mgeni mwingine, hakikisha umefungwa kwa upande wako, mara nyingi inakuwa milango miwili imegusana migongo na kila upande una komeo lake, komeo la kwako usimwachie mtu. Uliza mlango wa choo unafungwaje, kuna vile vikomeo vya kuzungusha mtoto anajifungia ndani anashindwa kufungua, na humo ndani kuna maji ya moto na ndoo.

Halafu mlango mkubwa unaangalia nini. Kwa bibi na kwa kigari cha mtoto chumba cha chini ni kizuri, hakuna ngazi, ila vile vyumba vya chini ambavyo ukifungua mlango hatua tano uko kwenye bwawa, mimi na watoto wangu hata kwa bure sivitaki. Shirika la Afya Duniani linasema karibu robo ya wote wanaokufa maji duniani ni watoto wa chini ya miaka 5, na mtoto hapigi kelele akizama, anaenda kimya. Nipe cha upande wa bustani, bahari nitaifuata mwenyewe kwa miguu. Kwanza huko Paje na Jambiani maji yakikupwa hiyo bahari uliyoilipia uione dirishani inakuwa iko kilomita huko, kinachobaki mbele yako ni mchanga na kina mama wa mwani.

Kuna watakaosema chukua apatimenti uachane na mahoteli. Dada yangu yuko Mombasa na tulipoenda kwake wakati nyumba imejaa tulipanga moja ya siku Nyali, vyumba viwili, sebule, jiko. Na ni kweli, uji wa mtoto unapika saa yoyote, hakuna kumbembeleza mpishi saa kumi na moja alfajiri, na bei ni ya nyumba nzima sio ya kichwa kwa kichwa. Ila ilikuwa ghorofa ya nne na baraza yake ina vyuma vya kulala, yani vya mlalo, kwa mtoto hiyo ni ngazi nyingine. Vya kusimama ni afadhali, na nchi nyingi sheria za ujenzi hazitaki nafasi kati ya chuma na chuma izidi sentimita 10 hivi. Mimi napima kwa ngumi ya mume wangu, ikipita kwa raha sikai. Viti vya barazani tukavifungia ndani siku zote tatu.

Zile nyumba zetu za Kiswahili za Magomeni na Kariakoo tunazobomoa kila siku kupandisha maghorofa, ukizitazama ndo familia rumu yenyewe. Ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu huku vitatu kule vinatazamana, mlango mmoja mbele na mwingine wa uani. Bibi chumba cha kwanza, hakuna mtoto anatoka asimuone. Nimekulia humo. Choo ndo kilikuwa uani na usiku ulikuwa unakiogopa, hilo sitalitetea.

Na nyota zao hizo. Nasikia zinatolewa kwa vigezo vya Jumuiya ya Afrika Mashariki, sawa, ila nyota nne hazikunizuilia kamba isiwe kizuizi cha ngazi. Ninachoomba hata sio sheria. Pale kwenye picha ya taulo la bata wekeni mchoro mmoja wa chumba, hata wa kalamu, mlango hapa, choo hapa, kitanda hapa, kitanda urefu wake toka chini ni huu. Na muandike godoro la ziada lina chandarua au halina. Na wale tunaosafiri na bibi au na dada wa kazi mtuambie mapema huyo mtu wa tatu analala wapi, sio tunafika mnaanza kuhesabu vichwa.

Desemba tunatoka tena, Bagamoyo mara hii. Nimemwambia kijana wa hoteli anitumie video ya WhatsApp anatembea toka mlango wa nje mpaka chooni bila kukata. Katuma, dakika moja na nusu, anahema kama anakimbizwa. Mlango wa kati upo, ngazi hakuna, vyandarua nimehesabu vitatu. Ila kitanda ni samadari tena. Nimemwomba akate matendegu, kaniwekea vikatuni vya kucheka, hajui kama niko siriasi.

Mama wa watatu,
Tabata, Dar es Salaam