Kabla ya kuijibu kampuni "ndiyo", soma inachokuomba

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nizungumze na wenzangu wanaoweka picha mtandaoni, wawe wanaishi kwa kazi hiyo au wanapiga kwa simu kwa kupenda tu. Kuna ujumbe unaowafikia wengi siku hizi, nao ni mtamu: "Picha yako imetuvutia sana! Tunaomba kuitumia. Ukikubali, jibu NDIYO." Chini yake kuna kiungo cha masharti, na wachache mno hukifungua.

Mimi hukifungua kila mara, kwa sababu kupiga picha ndiko kunakonilisha. Masharti mengi niliyosoma yanafanana. Kampuni inapewa leseni ya kutumia picha bure, duniani kote, bila kikomo cha muda, iikate na kuibadilisha itakavyo, na iwape wengine leseni hiyohiyo. Baadhi huongeza kwamba ukishakubali huwezi kubatilisha. Kwa hiyo picha uliyodhani itakaa siku mbili kwenye ukurasa wao yaweza kuchapwa kwenye bango au kalenda, au kuuza bidhaa ya kampuni nyingine ambayo hujawahi hata kuisikia, nawe huna la kudai. Ulishakubali.

Wengi hukubali haraka kwa kudhani hawana haki yoyote, eti hawakuisajili picha popote. Si kweli hata kidogo. Mkataba wa Berne, uliowekwa mwaka 1886 na ambao leo unafuatwa na nchi nyingi sana duniani, unasema hakimiliki, yaani haki ya mwenye kazi kuamua nani aitumie, haihitaji usajili. Mpiga picha anakuwa nayo mara tu anapopiga. Mkataba huo pia unampa haki ya kutambuliwa kuwa kazi ni yake, na kupinga isipotoshwe kwa namna itakayomvunjia heshima, hata kama ameshaiuza hakimiliki yenyewe. Usajili una faida zake, hasa Marekani: huko picha au kazi nyingine iliyoanzia Marekani husajiliwa kwanza ndipo kesi ifunguliwe, na aliyesajili mapema anaweza kudai fidia inayofika dola 150,000 kwa kazi moja iliyotumiwa kwa makusudi bila ruhusa. Lakini haki yenyewe haizaliwi na karatasi ya msajili.

Wala kuweka picha hadharani hakuifanyi kuwa ya kila mtu. Mpiga picha wa Haiti, Daniel Morel, aliweka mtandaoni, kupitia Twitter, picha za tetemeko la ardhi la Januari 2010 lililoiangamiza Port-au-Prince, mji mkuu wa nchi hiyo. Mtu mwingine akazichukua na kuzitangaza kama zake, kisha shirika la habari la AFP likazisambaza, na Getty Images, kampuni inayouza picha, nao wakazisambaza. AFP ilijitetea kwamba masharti ya Twitter yaliruhusu matumizi hayo. Mwaka 2013 mahakama ya New York ilikataa hoja hiyo, na baadaye mwaka huohuo jopo likaamua Morel alipwe dola milioni 1.2. Ushindi huo ulichukua karibu miaka minne ya kuhangaika mahakamani. Wengi wetu hatuna ubavu huo, ndiyo maana nasisitiza kazi ifanyike mwanzoni, wakati kampuni bado inaomba.

Sisemi mkatae. Kampuni inayoomba ni afadhali kuliko inayochukua kimya kimya. Ila ijibuni kwa maswali: picha itatumika wapi, kwa muda gani, ni tangazo au ni habari tu, jina langu litaandikwa wapi, na malipo ni kiasi gani? Kisha andikeni ruhusa yenu wenyewe. Yangu huwa hivi: "Naruhusu picha hii moja itumike kwenye ukurasa wenu wa mtandao wa kijamii kwa miezi 6, bila kubadilishwa, jina langu likiwa chini yake. Matumizi mengine yoyote yaombwe upya." Sentensi mbili tu, na zinatosha kuzuia mambo mengi. Wakisema malipo yako ni kujulikana, waulizeni kama aliyesanifu tangazo naye analipwa kwa kujulikana.

Kama kuna mtu pichani, hakimiliki yako haitoshi. Mwaka 2007 Virgin Mobile ya Australia ilitumia katika tangazo picha ya binti wa Texas, Marekani, iliyokuwa Flickr, tovuti ya watu kuweka picha zao. Leseni aliyoichagua mpiga picha iliruhusu biashara, lakini binti hakuulizwa, na familia yake ilienda mahakamani. Kesi ilifutwa kwa sababu mahakama ya Texas haikuwa na mamlaka juu ya kampuni hiyo, lakini uso wake ulikuwa umeshabandikwa. Binafsi naona ni dhuluma kuruhusu sura ya mtu iuze bidhaa bila yeye kutia saini, na mtoto asainiwe na mzazi.

Mengine ni ya kawaida. Hifadhi faili asili kama ilivyotoka kwenye kamera, maana ndiyo ushahidi wako. Mtandaoni weka nakala ndogo. Jaza jina lako katika taarifa za ndani ya faili, ingawa mitandao mingi ya kijamii huzifuta unapopakia, kwa hiyo liandike na juu ya picha. Mara mojamoja itafute picha yako kwa kutumia Google au TinEye, tovuti ya kusaka picha, uone imefika wapi.

Nawe Mhariri, nina ombi. Magazeti yetu bado yanachapa "Picha kwa hisani ya mtandao" chini ya kazi za watu. Kila picha hiyo ina aliyeipiga. Tafadhali mtafuteni, mwombeni ruhusa, mlipeni, na mwandike jina lake. Asipopatikana, tumieni picha nyingine.

Mpiga picha wa kujitegemea