Chai ya kivulini

Fukuoka, Japani, 19 Mei 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, hofu na mashaka ni juu yenu hapo Tukuyu, hasa goti la Baba. Mlisema mvua haijakata, basi najua kapu halikauki mgongoni.

Jana rafiki yangu wa chuoni alinipeleka Yame, milimani kusini mwa huku, kwa bibi mmoja mwenye shamba la chai. Shamba lenyewe dogo, pengine halifiki letu la kule chini mtoni, analima yeye, mwanawe na mkamwana. Mama, nilidhani wameezeka nyumba! Kumbe ni chai: wamesimamisha fremu juu ya mashina yote na kutandaza mabua ya mpunga. Ukiingia chini yake ni giza kama jikoni kwa Bibi.

Chipukizi zikitoka hufunikwa karibu wiki tatu ndipo zichumwe. Jua ndilo hulipatia jani ukali. Likinyimwa jua, utamu wake haugeuki, na rangi inakoza kama kisamvu. Wanachuma kwa mkono, majani mawili na chipukizi, kama mlivyonifundisha, ila mara moja tu kwa mwaka. Nilipomwambia bibi kwamba Mama anarudi kwenye shina lilelile kila wiki mbili, akaomba kuona mikono yangu. Niliona haya. Siku hizi ni laini.

Sasa kunywa kwenyewe. Chai hii inaitwa gyokuro, na tuliyokunywa ni ya mwaka jana, maana huachwa itulie ghalani hadi vuli. Maji yalichemka, halafu bibi akayamimina kikombe hiki, akayahamishia kile, akarudisha, mpaka nikaweza kukishika bila kuungua. Vuguvugu, Mama! Baba angerudisha jikoni. Akayatia kwenye kibirika cha udongo, tukasubiri kimya dakika mbili, kisha kila mtu akapata kama vijiko vitatu.

Ni nzito ulimini, karibu kama mafuta. Haina sukari lakini ina utamu, ule wa supu ya kuku wa kienyeji, si wa muwa. Nyuma yake inakuja harufu ya kituo cha kununulia majani jioni, mifuko ikifunguliwa. Niseme kweli, funda la kwanza sikulipenda. La tatu nilitaka lisiishe. Mwishoni tuliyala majani yenyewe kwa matone ya sosi ya soya, kama mboga.

Nimenunua gramu 50 kwa bei ambayo sitaitaja, Baba asije akaanza kupiga hesabu za kilo zetu. Mwenzangu anayerudi Mbeya mwezi wa saba ataileta. Tafadhali isiingie sufuriani, na maziwa yakae mbali nayo. Vipimo nimeviandika kwenye karatasi ya pili.

Mwanao,
Atupele